Kulindwa Nako ni Kazi

Kila nikimsimulia mtu habari za kaka yangu, naambiwa nina bahati. Sibishi. Kaka aliyekubeba mgongoni ulipoteguka mguu, akasimama mlangoni siku wenzako walipokufuata hadi nyumbani wakitaka kukupiga, si mtu wa kulalamikiwa. Ila wanaonipongeza huwa ni watu waliozaliwa peke yao, au ambao wao wenyewe ndio wakubwa kwao. Wadogo wenzangu husikiliza mpaka mwisho, wakacheka kidogo, kisha wakauliza: "Na kupumua je, alikuwa anakuacha upumue?"

Ananizidi miaka mitano. Kwa watu wazima hiyo si tofauti ya maana, lakini kwa watoto ni kizazi kizima. Wakati mimi nahangaika na kamba za viatu, yeye alishajua kuwasha jiko, kusoma saa, na kuwadanganya wageni kwamba wazazi wamelala. Baba alifanya kazi mbali, akawa mtu wa kuja na kuondoka. Mama alitoka asubuhi akarudi jioni. Kati ya asubuhi na jioni nilikuwa mali ya kaka.

Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kazi yenyewe. Mama alikuwa anatafuta funguo, mkoba uko begani, akamwambia bila hata kumtazama, "Mwangalie mdogo wako." Basi. Kila siku yaleyale, mpaka hakuna aliyekuwa akiyasikia tena maneno hayo isipokuwa yeye.

Siku moja nilianguka kwenye ngazi nikapasuka kidevu. Kovu ninalo mpaka leo. Mama aliporudi, swali la kwanza halikuja kwangu mimi niliyeshika kitambaa chenye damu. Lilikwenda kwa kaka: "Wewe ulikuwa wapi?" Alikuwa chooni. Hakusema. Kofi likampata, na mimi nikanyamaza kwa sababu sikujua kwamba kwenda chooni ni utetezi.

Kuanzia kesho yake, akienda chooni ananikalisha nje ya mlango na kuniamuru niimbe. Wimbo wowote, mradi nisikome. Nikinyamaza kidogo tu kuvuta pumzi, anaupiga mlango kwa kiganja kutokea ndani, pa! pa!, naanza upya. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kwa kweli kinachekesha. Siku hizi nikikisimulia namwona pia yule wa upande wa pili wa mlango, mtoto wa darasa la tatu, asiyeweza hata kujisaidia kwa amani.

Nadhani hapo ndipo mapenzi yake kwangu yalipochanganyika na hofu, na tangu hapo sijaweza kujua lipi ni lipi.

Ukubwani nilisoma sana habari za ndugu, kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa wa mwenzake. Nilianza na Alfred Adler, daktari wa Vienna aliyezaliwa 1870, ambaye alifundisha kwamba nafasi ya mtoto katika kuzaliwa ndiyo inayomjenga tabia: wa kwanza huzoea madaraka na majukumu, wa pili hukua akimkimbiza aliye mbele. Adler mwenyewe alikuwa wa pili, na alikulia katika kivuli cha kaka yake. Nilifurahi, nikadhani nimepata jibu. Kisha nikakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulichambua taarifa za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, na kuona kwamba kuzaliwa wa kwanza au wa mwisho karibu hakubadilishi tabia ya mtu hata kidogo. Hakumfanyi awe mchangamfu zaidi, wala mtulivu zaidi, wala makini zaidi.

Kama si namba, basi ni nini? Mimi nasema ni kazi aliyopewa mtu. Wako watoto wa kwanza ambao hawajawahi kumwangalia yeyote, na wako wa tatu waliowalea wote, wakubwa kwa wadogo. Na hapo ndipo Salvador Minuchin, mtaalamu wa tiba ya familia aliyezaliwa Argentina na kufanya kazi miaka mingi Marekani, aliponigusa. Alieleza habari za mtoto anayekabidhiwa sehemu ya kazi za mzazi. Hakuuona mpango huo kuwa mbaya wenyewe. Familia yenye watoto wengi, au yenye mzazi mmoja, mara nyingi haisimami bila mtoto wa namna hiyo, na mtoto mwenyewe anaweza kukomaa vizuri kwa kazi hiyo. Shida, kwa maelezo yake, huanza pale mamlaka hayo yanapokuwa hayajawekwa wazi, au mzazi anapojitoa kabisa na kumwachia mtoto usukani. Niliposoma hapo niliinuka nikatoka nje kidogo. Kaka yangu hakuwahi kuambiwa kazi yake inaanzia wapi. Wala hakuambiwa inaishia wapi, na hilo la pili ndilo lililotutesa.

Chukua baiskeli. Wote tunajua mtoto anavyofundishwa baiskeli: unamwambia "nimekushika," kumbe umeshaachia zamani. Kaka yangu hakuachia. Alikimbia nyuma yangu mkono ukiwa kwenye kiti, nikikanyaga kwa nguvu naye anaongeza mbio, namsikia anahema kama mtu anayefukuzwa. Nikimwambia niache, anasema bado. Nikimwambia sasa, anasema bado kidogo. Mwishowe nilijifunza siku aliyolala na homa, tena kwa kufundishwa na mtoto mdogo kuliko mimi, kwa muda wa mchana mmoja. Nilikwenda kumwonyesha dirishani. Alipunga mkono, akafunga pazia.

Ile picha maarufu ya ndege ya kwanza ya ndugu Wright, iliyopigwa tarehe 17 Desemba 1903, siwezi kuipita bila kusimama. Watu huitazama ndege. Mimi humtazama Wilbur. Orville, mdogo wake kwa miaka minne, amelala kifudifudi juu ya bawa la chini na ndege imeshaacha reli. Wilbur yuko pembeni amesimama mchangani, kwa sababu alikuwa akikimbia ameshika ncha ya bawa ili lisiyumbe, na sasa ameshaachia. Safari yenyewe ilidumu sekunde 12, ikaenda futi 120. Usifikiri lakini kwamba Wilbur alipona ukaka kwa kuachia bawa mara moja. Mwaka 1908 Orville alianguka na ndege mbele ya maofisa wa jeshi la Marekani, abiria wake akafa na yeye akavunjika mguu na mbavu. Wilbur alikuwa Ufaransa akirusha ndege nyingine. Alimwandikia dada yao kwamba wazo moja halimtoki kichwani: lau angekuwepo, lisingetokea. Bahari nzima iko katikati yao, na bado mtu anajiuliza alikuwa wapi.

Sasa nije kwenye upande wangu, maana upande wa mlindwaji huwa hauelezwi.

Kulindwa nako ni kazi. Kwanza unanyimwa adui wako. Shuleni kulikuwa na kijana aliyekuwa akininyang'anya vitu. Nilikuwa nimeshaanza kumsoma, najua anapendelea nini, anaogopa nini, nimebakiza kupata ujasiri tu. Kaka akajua. Sijui alimwambia nini yule kijana, na wala hakumgusa, ila kesho yake vitu vyangu vyote vilirudi, pamoja na kimoja ambacho hakikuwa changu. Nilishinda vita ambayo sikupigana. Baada ya hapo hakuna aliyenichokoza, na hakuna aliyecheza nami sawasawa pia. Hata nikikaa golini walinipigia mashuti mapole, mipira inakuja inabingirika kama inaomba ruhusa. Muulize aliyewahi kukaa golini namna hiyo kama hiyo ni heshima.

Pili, unakuwa mtunza siri. Nilijifunza mapema kwamba habari yoyote mbaya ikimfikia kaka inageuka kuwa msiba wake. Nikifeli mtihani, yeye ndiye asiyekula. Nikiachwa na msichana, yeye ndiye anayeninunia, kana kwamba nimemfichia mgonjwa. Kwa hiyo nikaanza kumlinda yeye dhidi ya habari zangu. Shati likichanika nalishona mwenyewe kabla hajaliona. Deni nililipa kimyakimya. Kuna kipindi nilipitia hali ngumu sana ya moyo, na kila jioni nilimpigia simu nikichekesha, kwa sababu ningemwambia ukweli ningekuwa na wagonjwa wawili wa kuwahudumia. Sisi wadogo tunaonekana wepesi, tusiojali, watu wa utani. Wengine tuko hivyo kweli. Wengine ni watu walio kazini.

Na tatu, hili ndilo gumu kulisema, lazima uendelee kuwa na haja naye. Ukisimama sana wewe mwenyewe, unamwachisha kazi mtu ambaye hajui kazi nyingine. Nimewahi kumuuliza njia ya mahali ninapopajua vizuri. Nimewahi kumwomba ushauri kuhusu jambo nililokwisha kuliamua, nikatikisa kichwa kwa makini, kisha nikafanya nilichoamua. Mke wangu huona huo ni unafiki. Mimi naona ni adabu, ingawa sitamlazimisha mtu akubali.

Ugomvi wetu mkubwa ulitokana na mshahara. Nilikuwa nimeajiriwa mahali, malipo yakachelewa, nikalalamika kwa shemeji kama mtu anavyolalamika akiwa amekaa kwa watu wake. Shemeji akamwambia mumewe, naye hakuniuliza neno. Alimtafuta bosi wangu, akampata, akamkoromea. Nilijua habari hiyo ofisini, nimeitwa, nimesimama mbele ya meza, naambiwa na mtu mwenye tabasamu la pembeni kwamba "kaka yako amepiga." Mwanamume mzima mwenye mke na mtoto.

Nilikwenda kwake jioni hiyohiyo. Sitaandika yote tuliyosemeshana. Mengine alishayasahau na sitaki ayakumbuke. Ila nilimuuliza, tena kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake: "Nani alikutuma?"

Alikaa kimya. Kisha akajibu, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mama."

Tulinuniana muda mrefu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mke wangu alilima: hakumsema vibaya hata siku moja, hata nilipomchokoza amseme. Shemeji naye alinitumia ujumbe mmoja tu katika kipindi chote hicho, kwamba kaka yako halali mpaka ajue umefika nyumbani, kwa hiyo kama hutaki kuzungumza naye, niandikie mimi. Nikawa namwandikia. Nimefika. Nimefika. Nimefika. Ugomvi gani huo.

Wakati huo ndipo nilipomwendea mama. Amezeeka lakini akili yake iko kamili, na ulimi wake zaidi. Nikamweleza kwamba mwanao amefanya hivi na hivi, na nilipomuuliza aliyemtuma akakutaja wewe. Mama alinitazama kama naongea lugha ngeni. "Mimi nilimwambia akuangalie nikienda kazini," alisema. "Jioni si nilikuwa narudi?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma. Yeye alikuwa anarudi. Akifika, anavua viatu, anaweka mkoba, anaanza mambo ya jioni, na kwake yeye zamu ya mtoto wa kwanza imekwisha. Lakini hakuwahi kuitangaza. Hakuna jioni hata moja ambapo alimwambia, haya, nimerudi, nenda kacheze. Aliyepewa zamu aliendelea kusimama, jioni ikaunga na asubuhi, utoto ukapita, mimi nikaota ndevu, na yeye bado yuko zamu.

Nilimwomba mama ampigie amwambie. Akampigia, mbele yangu. Walicheka wote wawili, nikasikia kicheko chake upande wa pili, akasema sawa mama, nimesikia. Hakuna kilichobadilika. Ningeshangaa kama kingebadilika; kazi ya maisha haiachwi kwa simu moja. Ila angalau tulirudi kuzungumza, na akaahidi kwamba hatampigia tena bosi wangu yeyote bila kuniuliza. Niliona ameichagua ahadi yake kwa uangalifu. Hakusema hatapiga.

Kilichobadilisha mambo kilikuja kwa njia mbaya: alipoteza kazi. Alificha, bila shaka. Aliendelea kuamka alfajiri, kunyoosha shati, kutoka. Mtu aliyefundisha ukoo mzima kusema ukweli alikuwa akishinda maktaba ya umma akisoma magazeti. Shemeji alipogundua aliniambia mimi kabla ya mtu mwingine, na nilijua kwamba nikimpelekea pesa mkononi atazikataa, tena atanisomea methali aliyonisomea tangu utotoni, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Alikuwa akinisomea ili niwe na bidii. Hakufikiri kama ingekuja siku ya kumbana mwenyewe.

Nilikuwa najenga chumba cha nyongeza. Nikamwomba aje anisimamie mafundi, kwa malipo, kwa kuwa mimi sina muda. Alifika, akazunguka eneo lile mikono nyuma, akanigeukia. "Hii kazi umeitunga."

"Nimeitunga," nikasema.

Akatafakari. Nilikuwa nimeandaa hoja nyingi na sikuzihitaji. "Basi naifanya," alisema, "lakini kila risiti naiona mimi." Aliifanya kweli. Aligundua mifuko ya saruji iliyohesabiwa mara mbili, akamfukuza fundi mmoja, akagombana na mwingine mpaka wakawa marafiki. Kila Ijumaa nilimpa bahasha, anahesabu mbele yangu, anasema asante, neno ambalo sikuwa nimezoea kulisikia likitoka kwake kuja kwangu. Kwa mara ya kwanza alipokea kitu kutoka kwangu akiwa amesimama wima. Ningempa kama msaada angeinama, na nadhani asingenisamehe kwa kumwona ameinama. Wanaosema kusaidia ni kutoa tu hawajawahi kuwa na kaka.

Baadaye alipata kazi nyingine, na baadaye tena akahitaji kupasuliwa ngiri. Mimi ndiye niliyempeleka. Muuguzi akaja na fomu, akauliza ndugu wa karibu ni nani.

"Mimi hapa," akajibu kaka, amevaa lile joho la hospitali linalofungwa nyuma. "Huyu ni mdogo wangu."

"Baba, wewe ndiye mgonjwa," alisema yule dada.

Ilichukua muda kidogo kumwingia. Akaniangalia nikichukua kalamu, akataka kujua kama nimesoma fomu yote au nasaini tu. Nikasoma yote, kwa sauti, neno kwa neno, mpaka muuguzi akachoka akaenda kumhudumia mwingine. Upasuaji ulikwenda salama. Usiku, simu yangu ikaita: ni yeye, sauti nzito ya dawa, anauliza kama nimefika nyumbani.

Watoto wangu ni wawili, na mkubwa humwangalia mdogo kama ilivyo kila mahali. Nikitoka namwambia binti yangu amwangalie mwenzake mpaka nirudi. Nikirudi, hata kama ni dakika chache tu, namwambia nimerudi, umemaliza. Mwanzoni alinishangaa. Siku hizi nikisahau ananifuata jikoni kudai. Baba yake mkubwa anaona mambo haya ni ya ajabu, na anasema namlea binti kama mfanyakazi wa kiwandani.

Yeye bado yuko zamu, kwa mpango wake. Majuzi alinitaka niweke kwenye simu programu inayoonyesha mtu alipo, ili akiniona njiani usiku ajue kama nimesimama au natembea. Nilikubali kwa sharti kwamba na yeye aweke ya kwake. Hakulipenda, akasema yeye ni mtu mzima, lakini akaweka. Juzi, karibu saa sita za usiku, nikaona kialama chake kiko barabarani mbali na kwake, hakisogei. Nikampigia kumuuliza anafanya nini huko saa hizi, na kwa nini hakumwambia mtu. Akaniambia nilale, akakata simu.